Farasi, majumba na rangi za maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za mashambani Uingereza

Maswali haya yamekuwa yakinijia kwa muda mrefu kutoka kwa wanafunzi wangu wa uchoraji na kutoka kwa watu wanaopenda farasi, na mengi yanafanana. Nimeyaweka pamoja hapa. Kabla hujaendelea nakuomba jambo moja: katika kila picha ninayoitaja, ukishamtazama bwana aliyekaa juu ya tandiko, mtafute aliyeshika hatamu. Huyo wa pili ndiye aliyenifanya nizipende picha hizi.

Ni picha za aina gani hasa?

Ni picha zilizochorwa kwa rangi za maji juu ya karatasi, nyingi kati ya miaka ya 1750 na 1850. Zinaonyesha jumba kubwa la mashambani na kila kilicholizunguka: bustani, ziwa la kuchimbwa, banda la farasi, mbwa wa kuwinda, wageni sebuleni, vibarua wakikata nyasi. Farasi yumo karibu kila mahali kwa kuwa bila yeye maisha yale yasingekwenda. Alivuta gari, alilima, alipeleka barua, alimbeba mwindaji, na alikuwa fahari ya mwenye nyumba.

Mbona matajiri hao hawakulipia tu picha za rangi za mafuta?

Walilipia, tena sana. Lakini picha ya mafuta ni kitu cha ukumbini. Ni kubwa, inachelewa kukauka, na kila aliyemo amejipanga ili atazamwe na wajukuu. Karatasi ya rangi za maji inaingia kwenye mkoba. Mchoraji anaweza kukaa kwenye kona ya banda asubuhi na kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo matope yamo, ngazi za nyuma zimo, na saisi aliyechoka yumo. Picha nyingi ziliishia kwenye albamu, zikawa zinafunuliwa jioni mbele ya wageni wa karibu, na mtu hakazi uso sana anapochorwa kwa ajili ya albamu ya nyumbani.

Vifaa navyo vilichangia. Mwaka 1781 William Reeves alituzwa jijini London kwa kutengeneza vipande vikavu vya rangi ambavyo mtu alivilowesha tu akaanza kazi. Zamani mchoraji alilazimika kusaga rangi mwenyewe. Kule Kent, kiwanda cha James Whatman kilikuwa kikitoa karatasi laini na imara iliyovumilia kuloweshwa, kusuguliwa hata kukwanguliwa. Sanduku dogo, chupa ya maji, karatasi nzuri: hapo unaweza kumfuata farasi popote.

Nani alianzisha mtindo huu?

Hakuna mtu mmoja, ila Paul Sandby (1731–1809) ndiye anayetajwa kwanza, na anastahili. Alianza kama mchora ramani wa jeshi huko Uskoti baada ya uasi wa mwaka 1745. Kazi hiyo ilimfundisha kutazama ardhi kama askari anavyoitazama: mlima uko wapi, njia inapita wapi, mto unavukwa wapi. Kaka yake Thomas alipopata kazi ya usimamizi katika msitu wa kifalme wa Windsor, Paul akawa anachora kasri na viunga vyake. Mara nyingi jengo limekaa kwa mbali, na mbele yetu wanapita watu wa kila aina, mbwa wakiwafuata.

Royal Academy, taasisi ya kifalme ya sanaa ambayo Sandby mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1768, haikuwapa wachoraji wa rangi za maji hadhi waliyoitaka. Mwaka 1804 wakaunda chama chao wenyewe jijini London. Rais wa kwanza alikuwa William Sawrey Gilpin, na baba yake, Sawrey Gilpin, alikuwa mchoraji mashuhuri wa farasi. Baadaye mwana aliacha brashi akawa mbunifu wa bustani za majumba hayohayo. Katibu wa chama, Robert Hills, alikuwa bingwa wa kulungu na ng'ombe. Mwenzake George Fennel Robson alichora milima, kisha Hills akaweka wanyama kwenye karatasi ileile. Walikuwa wameelewa kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Mchoraji aliishije ndani ya nyumba ya kabaila? Alikuwa mgeni au mtumishi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaonekana ndani ya picha zenyewe. Alikuwa katikati. Hakula jikoni, lakini hakuwa pia sawa na wageni wengine mezani, na kila mtu alilijua hilo bila kuambiwa.

Mtazame John Sell Cotman. Kuanzia mwaka 1803, akiwa kijana wa miaka 21, alikwenda Yorkshire majira matatu ya joto mfululizo na kukaa Brandsby Hall kwa familia ya Cholmeley, akiwafundisha mama na mabinti kuchora. Walimpenda sana. Mwaka 1805 wakampeleka kwa marafiki zao wa Rokeby. Wenyeji wa Rokeby walipoondoka, Cotman hakubaki jumbani. Alihamia nyumba ya wageni karibu na daraja la mto Greta. Safari hiyo ndiyo iliyozaa picha ya daraja hilo iliyoko leo British Museum: upinde mmoja wa mawe, maji yaliyotulia, rangi zimetandazwa bapa kama vipande vya kitambaa vilivyokatwa kwa mkasi. Sioni jumba lolote ndani yake. Naona ukimya wa mtu aliyetoka kwenye nyumba ya watu na kupata siku zake mwenyewe.

J.M.W. Turner naye alikuwa na bahati nyingine. Huko Farnley Hall, Yorkshire, mwenye nyumba Walter Fawkes alikuwa rafiki yake kwelikweli. Turner alikwenda kuwinda ndege pamoja nao, alichora ngazi za mbao, sebule, mageti na mabonde, hata ndege mmoja mmoja kwa ajili ya albamu ya familia. Asubuhi moja ya mwaka 1818 Fawkes alimwomba amchoree meli ya kivita ili aone ukubwa wake. Kijana wa nyumba, Hawksworth, alikaa pembeni akatazama: Turner alimwaga rangi mpaka karatasi ikalowa chepechepe, akasugua, akakwangua, akapapasa kama mtu aliyepandwa na mori, na taratibu meli ikatokea na kila kamba yake. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa tayari. Fawkes alipofariki mwaka 1825, Turner hakukanyaga tena Farnley.

Miaka miwili baadaye tunamkuta Petworth, Sussex, kwa Lodi Egremont, mfugaji wa farasi wa mbio ambaye farasi wake walishinda mbio za Derby mara tano. Huko Turner alichora zaidi ya vipande mia moja vya karatasi ya bluu, vingine vikubwa kama kiganja na vidole vyake tu: watu wakicheza biliadi, kitanda chenye mapazia mekundu, mwanamke mbele ya dirisha. Nyumba nzima imeonwa na mtu anayetembea ndani kwa soksi.

Wa tatu ni William Henry Hunt (1790–1864). Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Alipokuwa akichora kwenye ardhi ya Earl wa Essex huko Cassiobury, alikuwa akisukumwa katika kigari chenye kifuniko na kuwekwa mbele ya anachotaka kukichora. Pengine ndiyo sababu aliwachora watu wa kazi kwa macho yaliyo sawa na yao. Bwana bustani wake na mlinzi wake wa wanyama wa porini wamesimama wima, wamejaa karatasi, kila mmoja na uso wake na fahari ya kazi yake. Kwenye picha nyingi za mafuta za wakati ule watu hao wangekuwa doa la rangi karibu na mkia wa farasi.

Fedha za majumba haya zilitoka wapi?

Kodi za wakulima wapangaji, makaa ya mawe, ndoa za mahesabu, na mara nyingi sukari. Harewood House, ambayo Turner na Thomas Girtin waliichora wakiwa vijana, ilijengwa na familia ya Lascelles kwa utajiri wa visiwa vya Karibi, mahali ambapo Waafrika walilimishwa miwa wakiwa watumwa. William Beckford, aliyemwagiza Turner picha tano kubwa za jumba lake la Fonthill, alirithi mashamba ya Jamaika. Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya mwaka 1833, Bunge lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia waliomiliki watumwa. Waliotumikishwa hawakupewa kitu. Wakati huohuo Walter Fawkes wa Farnley alikuwa mpinzani wa biashara ya watumwa, kwa hiyo usizitie nyumba zote kwenye kapu moja. Ila mimi siwezi tena kuona zile nyasi za Harewood zilizotulia kwenye mwanga wa jioni bila kuwaza ng'ambo ya bahari, na sitaki mwanafunzi wangu azione bila kulijua hilo.

Mandhari yale ni ya kweli, au mchoraji alipamba?

Yote mawili, na wakati mwingine picha ilitangulia mandhari. Humphry Repton (1752–1818) alikuwa mbunifu wa bustani aliyefanya kazi kwa wateja wengi wakubwa. Alimwandalia mteja kitabu chenye jalada la ngozi nyekundu, na ndani yake picha za rangi za maji zenye kipande cha karatasi kilichobandikwa upande mmoja. Kwanza unaona ardhi ilivyo: ua mbovu, shamba, njia inayokatiza. Unafunua kipande, na chini yake kuna ziwa, kichaka kimehamia pembeni, ng'ombe wamesogea mbali pazuri. Mwenye ardhi alifunua na kufunika mara kadhaa, kisha akatoa pesa.

Kuna ujanja mwingine unaoonekana kwenye picha nyingi: hakuna uzio kati ya jumba na malisho. Farasi wanakula karibu kabisa na madirisha, lakini hawafiki mlangoni. Pale pana mtaro uliochimbwa na kujengewa ukuta upande mmoja, chini ya usawa wa nyasi, usioonekana kutoka nyumbani. Ardhi ilionekana haina mwisho, na hiyo ndiyo picha ambayo mwenye jumba aliitaka.

Kwa nini farasi wa zamani wanakimbia miguu ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma, kama wanaelea?

Kwa sababu hakuna jicho linaloweza kukamata mwendo wa shoti. Wachoraji wa mbio na uwindaji, Henry Alken (1785–1851) akiwemo, walimchora farasi akiwa amefumbata hewa, miguu miwili mbele, miwili nyuma. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi California, alipanga kamera nyingi pembeni ya njia na kupiga picha mfululizo. Ikaonekana kwamba kweli kuna nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani, lakini wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo.

Watu huuliza kama basi Alken alikosea. Kwa mifupa, ndiyo. Mchoraji George Stubbs, aliyekaa takriban miezi 18 katika kijiji cha Horkstow akipasua mizoga ya farasi na kuchapisha kitabu chake cha maumbile ya farasi mwaka 1766, alijua kila msuli ulipo. Lakini simama karibu na uwanja farasi wakipita, uone kama akilini mwako hukubaki na umbo lilelile la Alken.

Farasi anachorwaje kwa rangi za maji? Yangu hutoka kama mbwa.

Miguu ndiyo inayowashinda wengi, na kosa huanza kwenye penseli. Chora kwanza mstari wa mgongo, pembe ya bega na mahali uzito ulipo, ndipo ushuke miguuni. Goti la mbele na kiungo cha nyuma havikunjiki upande mmoja.

Kisha rangi. Rangi za maji huanzia kwenye mwanga kwenda kwenye giza, na mwanga wenyewe ni weupe wa karatasi. Farasi wa hudhurungi anang'aa juu ya kiuno na shingoni: pale usiguse. Tandaza maji ya rangi ya udongo iliyochomwa kuzunguka ule mng'ao, ukingo mmoja ukauke ukiwa mkali, mwingine uulainishe kwa brashi yenye maji matupu. Rangi ikiwa bado mbichi, dondosha hudhurungi nzito chini ya tumbo iache ijitembeze. Ukiichokonoa utapata tope. Wanafunzi wangu wengi wanaharibu hapo. Mkono unashindwa kutulia.

Ukifunika mahali pa mwanga kwa bahati mbaya, fanya walivyofanya wao: loweka, futa kwa kitambaa au chembe za mkate, au kwangua kwa ncha ya kisu baada ya kukauka. Hatamu nyingi nyembamba unazozistaajabia kwenye picha za zamani ni mkwaruzo wa kisu tu. Koti jekundu la mwindaji liweke mwisho, kwa brashi moja, na liwe dogo. Kwenye bonde zima la kijani kibichi, nukta moja nyekundu inatosha kulivuta jicho kutoka upande wa pili wa chumba.

Uwindaji wa mbweha bado upo?

Kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa kulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Picha zimebaki kama kumbukumbu ya desturi iliyogawa nchi. Kwangu mimi zilizo bora ni zile za kabla na baada ya mbio: asubuhi yenye ukungu, mbwa wanazurura, saisi anakaza mkanda wa tandiko huku bwana akinywa kitu.

Je, kuna uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, na ni kupitia farasi wenyewe. Farasi wa mbio wa Kiingereza wanatoka kwenye madume watatu walioletwa kutoka Mashariki, mmoja wao akiwa yule aliyenunuliwa Aleppo na Thomas Darley mwaka 1704. Halafu Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, alipeleka farasi wa Kiarabu kama zawadi kwa watawala wa Uingereza. Mmoja wa farasi waliotoka Maskati aliitwa Imaum, akaishia kuwa kielelezo cha mchoraji John Frederick Herring, ambaye kabla ya kuishi kwa brashi alikuwa dereva wa gari la farasi la abiria. Mnyama mweupe mwenye pua pana na macho makubwa unayemwona kwenye picha za Herring ana undugu na wanyama ambao babu zetu wa Unguja waliwajua.

Wanawake walichora pia?

Sana, na wengi hawakuuza hata picha moja. Binti wa nyumba kubwa alifundishwa rangi za maji kama alivyofundishwa kinanda. Malkia Victoria mwenyewe alichora, na Edward Lear aliwahi kumpa masomo mwaka 1846. Baadaye Helen Allingham alijipatia riziki yake kwa nyumba ndogo za vijijini, na mwaka 1890 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili wa chama cha wachoraji wa rangi za maji.

Lakini kipenzi changu ni Diana Sperling wa Dynes Hall, Essex, aliyejaza albamu kati ya miaka ya 1812 na 1823. Hakuwa fundi mkubwa wa maumbo. Alikuwa na macho. Watu wake wanaanguka kutoka kwenye punda, wanatembea kwenye matope kwenda karamuni, wanabandika karatasi za ukutani wao wenyewe.

Kwa nini anga ya picha nyingine ni ya waridi na nyasi ni za bluu?

Ni jua. Rangi ya nili ilitumiwa sana angani, ikichanganywa na nyekundu ya udongo ili kupata kijivu cha mawingu. Nili huhama mwangani, nyekundu hubaki. Kwenye nyasi, manjano hufa kwanza, ikabaki bluu. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa Uingereza, na mwaka 1888 wanasayansi Russell na Abney walitoa ripoti ya majaribio yao kuhusu athari ya mwanga kwenye rangi za maji. Leo makumbusho huziweka kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50, kwa miezi michache, kisha huzirudisha sandukuni. Kama unayo yako, itoe kwenye ukuta unaopigwa na jua leo hii.

Nimeona picha ya uwindaji inauzwa. Nitajuaje kama imechorwa kwa mkono?

Chukua kioo cha kukuza. Ukiona nukta za rangi zilizopangwa sawasawa, imechapwa na mashine ya kisasa. Ukiona punje ndogo kama wavu wa mchanga kwenye vivuli, na alama ya bamba iliyobonyea kuzunguka picha, ni chapa ya bamba la shaba. Nyingi za Alken zilichapwa hivyo, halafu zikatiwa rangi kwa mkono. Ni kitu kizuri, ila bei yake isiwe ya picha halisi. Ya mkono kweli utaona penseli chini ya rangi na ukingo mweusi kidogo pale maji yalipokaukia.

Naweza kuziona wapi?

London, makumbusho ya sanaa ya Tate inashikilia michoro mingi kabisa ya Turner, na British Museum ina chumba cha kusomea ambako unaletewa karatasi mezani ukiomba mapema. Newmarket kuna makumbusho ya mbio za farasi. Marekani, nenda Yale Center for British Art mjini New Haven, iliyofunguliwa mwaka 1977 kwa mkusanyiko wa Paul Mellon. Alipenda farasi kama alivyopenda picha; farasi wake Mill Reef alishinda Derby ya Epsom mwaka 1971.

Nianze na picha ipi?

Anza na Diana Sperling. Tafuta ile ambayo mama yake, mwenye nyumba, amevamia nzi waliomo chumbani. Ameinua mkono anawapiga, na mjakazi amesimama karibu yake akiwapokea waliokufa na waliojeruhiwa, kama Diana mwenyewe alivyoandika chini ya picha. Mtazame mjakazi.